Kuchagua eshapema (bomba za moshi) ya spoti kwa gari ya zamani: mwongozo wa Lubumbashi (Goma na Bukavu pia musome)

Maswali inarudi ileile. “Yaya, niweke bomba ya inchi ngapi?” “Nikitoa katalizere (chujio cha moshi) gari itakimbia?” “Fundi mmoja wa komini ya Kenya hapa mjini anasema atanitengenezea ya mkono, nikubali ao niagize Japani?” Basi naandika yote fasi moja, mwingine akiuliza tutamtumia hii na sisi tulale.

Nazungumzia gari za spoti za zamani zile tunaziona huku: Altezza, Celica, MR2, Mark II na Chaser za turbo, Impreza, BMW E36 na E46, Golf GTI. Zingine zimepita Dar es Salaam na Kasumbalesa na volani ku mkono wa kuume, zingine zimetoka Ulaya.

Jambo moja ulijue kabla hujatoa pesa: kama motere yako haina turbo, eshapema peke yake itakupa farasi chache tu, pengine hata hutazisikia. Sababu nzuri za kubadilisha ni kwamba ile ya zamani imeoza, unataka sauti nzuri, ao unataka kitu chepesi chenye kitadumu. Mwenye turbo yeye atasikia tofauti kweli. Ukinunua juu ya nguvu tu na motere ni ya lita 1.8 ya kawaida, afazali ile pesa uweke ku plagi, filta na mafuta safi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kodi (namba na herufi) ya shasi na kodi ya motere, iko ku plaki ndani ya kapo
- Mita ya kupimia, na kaliperi kama unapata
- Sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa
- Kriki na shandeli mbili nzima. Usiingie chini ya gari iliyobebwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama fundi wako anafanya vile kila siku
- Degripani (mafuta ya kulegeza bulo), glovu, kitambaa kizito
- Simu ya kupigia picha chini ya gari, kutoka motere mpaka nyuma
- Mtu wa kukusaidia

1. Jua gari yako kwa kodi, si kwa jina

“Nauza eshapema ya Altezza” haitoshi. Altezza SXE10 iko na 3S-GE ya silinda nne, GXE10 iko na 1G-FE ya silinda sita, na usifikirie bomba zake zinaingiliana. Celica ya mwisho iko ZZT230 na ZZT231, motere mbili tofauti. MR2 SW20 kuna ya turbo na isiyo na turbo. Muuzaji akikosa kukupa kodi ya gari yenye kitu kilitoka, achana naye, mwingine atapatikana.

Angalia tena upande wa volani, hii watu wanaisahau sana. BMW za silinda sita kolektere (bomba zinazokusanya moshi ku motere) iko upande wa kuume wa motere, kwa hiyo ile yenye volani ya kuume, fimbo ya volani inapita palepale. Kolektere ya spoti iliyotengenezewa gari ya volani ya kushoto itagonga ile fimbo. Kuanzia katalizere kurudi nyuma shida hii inakuwa ndogo, lakini kolektere usinunue bila kuuliza.

2. Ingia chini uone ile uko nayo

Asubuhi, gari ikiwa baridi, washa motere, msaidizi azibe mdomo wa bomba nyuma na kitambaa akivaa glovu, sekunde chache tu. Wewe sikiliza kwa pembeni. Ukisikia psss fulani, pale kuna tundu. Ikiwa bomba yote iko mzima na shida ni gasketi moja imeungua, umejiokolea pesa.

Kisha katalizere. Gari iliyokunywa mafuta ya bakadafi (wauzaji wa barabarani) miaka mingi, ao motere ilikuwa inakula oili, katalizere inaweza kuziba. Dalili yake: gari inaanza muzuri, lakini ukikanyaga inakuwa kama imeshikwa shati nyuma. Igonge polepole na nyundo ya mpira. Ikilia kama mawe ndani ya kopo, imevunjika ndani. Fundi mwenye saa ya presha anaweza kuifunga ku tundu ya sonda lambda (kipimo cha oksijeni ndani ya moshi) ya mbele: motere ikizunguka polepole bila kukanyagwa presha isipite karibu bar 0.1, na kwa mizunguko 2,500 kwa dakika isipite karibu 0.2. Ikipita, pale njo kwenye nguvu yako imelala, na silansie (kopo ya kupunguza sauti) ya bei kali haitaisaidia kitu.

Angalia pia supo za motere (mipira inayoibeba). Zikichoka motere inacheza, na bomba mpya utakayoweka itapasuka ku fleksibo (kipande kinachojikunja) baada ya muda mfupi utalaumu muuzaji bure.

3. Amua unabadilisha mpaka wapi

Kuna njia tatu. Silansie ya mwisho peke yake: bei ndogo, sauti inabadilika kidogo, nguvu hapana. Kutoka nyuma ya katalizere mpaka mwisho: hii njo nashauri kwa wengi, inaingia na bulo bila kugusa motere. Na kila kitu kuanzia kolektere: hii ni kazi kubwa, na kwa motere isiyo na turbo kolektere ile inaunganisha nne-mbili-moja (bomba nne zinakuwa mbili, kisha moja) inakupa nguvu ya katikati, ile unatumia mu mji, wakati nne-moja inapenda mizunguko ya juu. Mutu wa Bukavu anayepanda na kushuka milima siku nzima asifikirie nne-moja.

Katalizere, tuzungumze wazi. Kuitoa kunaleta harufu ndani ya gari, moshi mchafu kwa majirani, na gari yenye sonda mbili, moja mbele moja nyuma ya katalizere, itawasha taa ya motere na kodi P0420. Ikiwa imekufa, tafuta ingine ya spoti yenye matundu makubwa. Na onyo la mtaani: ndani ya katalizere kuna platini, paladi na rodi, iko na wanunuzi wake. Fundi akikuambia “hii ni takataka, niachie tu nitupe”, mwambie asante na uiweke ku kofre. Simama pale wakati anaikata.

4. Kipenyo cha bomba

Hapa njo kwenye watu wanapoteza pesa. Mutu ameona Chaser ya turbo na bomba ya inchi 3, anarudi kuweka ileile ku Celica yake ya 1.8. Gari inalia mtaa mzima unatoka nje, lakini chini haina nguvu tena, ku rompwe anaachwa na taksi.

Moshi unatoka kwa mapigo, na kila pigo likikimbia linavuta lile la nyuma yake. Bomba ikiwa pana kupita kiasi moshi unapoa, unalegea, ule mvuto unapotea. Kuna wanaosema motere inahitaji kuzibwa kidogo ili ipate nguvu, hapana, hakuna motere inapenda kuzibwa, inapenda moshi utembee haraka. Turbo ni kesi ingine: baada ya turbo acha wazi kadiri unaweza.

Vipimo vya kuanzia, kwa kipenyo cha nje cha bomba:

- Silinda nne bila turbo, farasi 100 mpaka 150: mm 51 mpaka 57
- Bila turbo, farasi 150 mpaka 220 (3S-GE ya Altezza, 2ZZ ya Celica): mm 57 mpaka 63
- Silinda sita bila turbo, lita 2.5 mpaka 3.0: mm 63
- Turbo ya farasi 250 mpaka 300: mm 70 mpaka 76

Sasa hesabu ya kwetu. Zile farasi zimeandikwa mu vitabu ni za fasi ya chini, karibu na bahari. Lubumbashi tuko karibu mita 1,200 juu, Goma na Bukavu karibu 1,500, na hewa ni nyepesi. Motere bila turbo inapoteza karibu asilimia 3 kila mita 300. Altezza ya manuali yenye farasi 210 kule Japani, hapa inabaki na kama 185, na inatoa moshi wa farasi 185. Ukisita kati ya vipimo viwili chukua kile kidogo. Wenye turbo hawaumii sana juu turbo inasukuma hewa, hata kama na yenyewe inachoka zaidi.

5. Chuma gani

Chuma ya kawaida inaoza, hasa kwa safari fupi fupi za mu mji, juu maji yanabaki ndani bila kukauka. Ile imepakwa alumini inadumu zaidi, isipokuwa mahali imechomelewa. Inoksi (chuma isiyooza haraka) iko aina mbili utakutana nazo: 409, ambayo sumaku inashika na inapata kutu ya juu juu lakini inavumilia, na 304, yenye kromi kama asilimia 18 na nikeli 8, sumaku haishiki (mu kona inaweza kushika kidogo juu ilikunjwa baridi, usimpigie mtu kelele). Muuzaji akisema 304 na sumaku inang’ang’ania bomba nzima, ni 409 ao ni chuma imepigwa polishi. Titani ni nyepesi sana na bei yake inaumiza, tuendelee.

6. Silansie na makelele

Silansie ya spoti ya kweli, ndani ni bomba yenye matundu inapita moja kwa moja, na pembeni kuna pamba ya kioo ao ya inoksi inameza sauti. Zile za vyumba vyumba zinapunguza sauti zaidi lakini zinazuia kidogo. Tatizo la ile ya pamba: pamba inaungua ama inatoka pole pole, kwa hiyo ukinunua ya okazyo itikise, na kama inawezekana isikie ku gari, juu silansie ya miaka 20 inaweza kuwa kopo tupu.

Bidhaa za Japani (HKS, Fujitsubo, Tanabe, Apexi na wenzao) nyingi zina plaki ya JASMA (chama cha watengenezaji wa silansie za spoti kule Japani), maana yake ilipimwa kelele kwa sheria yao. Kule gari za zamani zinaruhusiwa mpaka dB 103, na zile za kuanzia kanuni ya 1998 mpaka dB 96. Hata 96 ni kelele. Ikiwa unaishi na watoto wadogo ao jirani mchungaji, tafuta ile yenye kizibo cha ndani cha kufunga na bulo moja, unakitoa ukienda mbali, unakirudisha ukiingia mu kartie. Rulaji (polisi ya barabarani) nao wanapenda gari yenye sauti, wanaikumbuka.

Kosa kubwa ni kutoa rezonatere (kopo ndogo ya kuua mvumo) ya katikati “ili ilie muzuri”. Italia muzuri dakika kumi. Kisha utaenda Likasi, kilomita kama 120, na kwa mizunguko 3,000 utasikia mvumo ndani ya kichwa hadi ufike. Bakisha rezonatere, ama nunua mfumo uko nayo.

7. Pima urefu kutoka ardhini

Weka gari fasi tambarare, mtu wawili wakae ndani, pima kutoka ardhi mpaka fasi ya chini kabisa ya bomba ya sasa. Halafu pima ile mpya: brida (sahani za kuunganishia bomba), rezonatere, kila kitu kinachotokeza. Gari imeshushwa na ikipita ku dodane inagonga? Basi bomba pana ya inchi 3 itagonga kwanza. Goma na yale mawe ya volkano mnajua wenyewe. Ikibidi, sehemu ya katikati iwe bomba bapa, fundi mzuri anaweza.

8. Kuagiza ao kutengeneza hapa

Ukiagiza, uliza vipimo vya karto kabla ya bei. Ndege haihesabu kilo peke yake, inahesabu ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Karto ya 150 × 40 × 30 inahesabiwa kilo 30 hata kama ndani mko kilo 15. Ndiyo maana wengi tunangojea kontena ya Dar, ao tunaomba mtu anayeleta gari aitupe ndani. Na omba picha ya plaki, ya brida kwa karibu na ya machomeleo. Za kuiga ni nyingi. Ile yenye machomeleo mabaya na plaki ya kubandika na gundi, ujue.

Kutengeneza hapa Lubumbashi mimi naona ni chaguo nzuri sana, na kwa gari isiyo ya kawaida pengine ni bora kuliko kuagiza. Mine zimetuletea mafundi wa argon (kuchomelea na gesi) wenye mkono, wanachomelea inoksi kila siku. Lakini sikiliza muzuri: bomba ya inoksi wanayotumia ku viwanda ni ya kubeba asidi na presha. Ya inchi 2 (nje mm 60.3) ya skejuli 10 (kipimo cha unene wa ukuta) ukuta wake ni mm 2.77, karibu kilo 4 kwa mita, na skejuli 40 inafika mm 3.91 na kilo zaidi ya 5. Bomba ya eshapema inataka ukuta wa mm 1.2 mpaka 1.6, kama kilo 2 tu kwa mita. Fundi atakuambia “hii nene ni ngumu, itadumu”. Itadumu, ndiyo, na itang’oa mipira yote ya kubebea. Chukua kaliperi upime mwenyewe.

Mambo ya kukubaliana naye kabla hajakata kitu:

- Argon, si ile posti ya vijiti. Kijiti kinatoboa bomba nyembamba na kuacha uchafu ndani
- Argon ipite pia ndani ya bomba wakati wa kuchomelea inoksi, la sivyo ndani kunakuwa kama makaa
- Kona ziwe za kukunjwa na mashine bila kubonyea. Bomba ya mm 57 iliyobonyezwa ku kona inabaki kama ya 48, kazi yote bure
- Brida na bulo, sehemu mbili ao tatu, ili siku ingine uweze kuitoa
- Fleksibo ile inoksi yenye nyuzi, karibu na motere
- Mdomo upite nje ya bampa kabisa. Bomba inayoishia chini ya gari inaingiza gesi ndani, na karboni monoksidi haina harufu, unalala ukiendesha

9. Kufunga

Degripani ku bulo zote jioni, na asubuhi tena. Ikikataa, washa motere ipate moto kidogo, zima, jaribu.

Weka kila kitu kikiwa kimelegea kwanza, kuanzia mbele kurudi nyuma, tikisa kwa mkono uone hakigusi shasi, tanki wala waya. Chuma ikipata moto inarefuka, kwa hiyo acha nafasi ya kidole kila upande. Njo ukaze. Gasketi mpya, mipira mipya, na girisi ya shaba ku bulo za sonda.

Kama kuna kuchomelea, pale chini ya gari apige vidoti tu, kisha bomba itolewe ichomelewe chini, mbali na tanki. Toa waya ya batri kwanza, umeme wa kuchomelea usiue kalkilatere (kompyuta ya motere), juu ya gari ya miaka 25 kuipata ingine ni hadithi ndefu. Usiwashe gari ndani ya garaji iliyofungwa kujaribu sauti. Baada ya kilomita 100 hivi rudi kukaza bulo zote.

Ikileta shida

*Mvumo kwa mwendo mmoja.* Ongeza rezonatere. Ikishindikana, fundi anaweza kuweka bomba ya pembeni iliyozibwa mwisho. Kwa silinda nne inayovuma kwa mizunguko 3,000 urefu wake ni kama mita 1.2, anaanza na ndefu kidogo na kuipunguza.

*Tik tik tik ikiwa baridi, inaisha ikipata moto.* Kolektere inavuja, gasketi ao ufa. Chuma inapanuka na kuziba.

*Milipuko midogo ukiachia pedali ya gesi.* Wengine wanaipenda, lakini mara nyingi ni hewa inaingia ku brida. Ikiwa tundu iko mbele ya sonda lambda, sonda inadanganywa na gari inakula mafuta zaidi.

*Taa ya motere.* Soma kodi kwanza. P0420 ni katalizere, ama haipo ama imechoka. Kodi ya sonda yenyewe, angalia kama waya haijagusa bomba.

*Kelele ya bati.* Kinga ya joto imelegea, kola moja ya bomba inaimaliza.

*Harufu ndani ya gari.* Fungua vioo, usisafiri, tafuta tundu leo hii. Ikiwa hakuna, angalia raba ya kofre, gari za zamani zinavuta moshi kwa pale.

*Nguvu ya chini imepotea.* Bomba ni pana. Hakuna dawa ya kumwagia, ni kupunguza kipenyo kuanzia katikati kurudi nyuma, na ile pana umuuzie mwenye turbo.